Bastola ya askari haipimwi kwa wingi wa risasi

Kila mara majambazi wanapowazidi polisi kwa silaha, huzuka kilio cha kutaka askari wetu wapewe bastola za kisasa. Wanasiasa hulisema jambo hilo majukwaani, wahariri huliandika, na hata katika vyumba vya walimu, wakati wa chai ya saa nne, halikosi mtetezi. Nami sina ubishi nalo. Askari anayetumwa usiku wa manane kumkabili mtu mwenye bunduki hastahili kutumwa mikono mitupu.

Ninalouliza ni hili: bastola ya kisasa ni ipi? Ukimwuliza kijana wa kidato cha tatu, atakutajia idadi ya risasi zinazoingia katika magazini. Mwingine atakuambia ni ile yenye kishindo kikubwa, kwa kuwa ndivyo alivyoiona katika filamu. Watu wazima nao hawako mbali na vijana hao. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba mshukiwa alinaswa na "bastola aina ya Ceska yenye risasi kumi", kana kwamba hesabu hiyo inamaliza yote yanayofaa kujulikana kuhusu chombo hicho.

Bastola ya kazi, yaani ile ambayo askari hupewa na serikali aibebe kiunoni, ni kifaa cha ajabu kidogo. Takriban maisha yake yote huyapitisha ndani ya ala. Shirika la utafiti la Pew la Marekani lilipowahoji maafisa wa polisi wapatao elfu nane wa nchi hiyo na kutoa matokeo yake mwaka 2017, ni asilimia 27 tu waliosema kwamba wamewahi kufyatua risasi kazini, mbali na mazoezi. Hao ni polisi wa nchi iliyojaa bunduki kupita kiasi. Waliosalia wamebeba silaha miaka nenda miaka rudi bila kuielekeza kwa mtu na kuifyatua.

Hata hivyo, silaha hiyo hiyo isiyofyatuliwa hutolewa ghalani, hutiwa risasi, huvaliwa, huketiwa nayo garini, hurudishwa, hutolewa risasi, hufunguliwa na kusafishwa. Mambo hayo hutendeka mara maelfu, aghalabu mikononi mwa mtu aliyechoka na zamu. Kwa hiyo anayetaka kuipima bastola ya polisi sharti aitazame katika shughuli hizo za kila siku kwanza, kabla hajauliza itafanya nini siku ya mapambano.

Nitatumia mfano wa bastola moja mashuhuri, Glock 17, kwa sababu kisa chake kina mafunzo mengi kuliko cha nyingine yoyote ninayoijua.

Aliyeibuni, Gaston Glock wa Austria, aliyefariki mwaka 2023, hakuwa fundi wa bunduki. Alikuwa mhandisi mwenye karakana karibu na Vienna, akitengeneza fimbo za mapazia na baadaye visu vya jeshi. Jeshi la Austria lilipotaka bastola mpya badala ya zile za Walther zilizobakia tangu enzi ya vita, Glock alijitosa katika shindano hilo, na mwaka 1982 bastola yake ikachaguliwa. Namba 17 katika jina lake, tofauti na watu wengi wanavyodhani, haikutokana na risasi 17 zinazoingia katika magazini yake. Ilikuwa hati yake ya kumi na saba ya uvumbuzi.

Kiunzi na mpini wake ni wa plastiki ngumu. Jambo hilo lilizua kiroja Marekani katikati ya miaka ya 1980, watu wakiogopa ati bastola hiyo ingepita katika mitambo ya ukaguzi ya viwanja vya ndege bila kuonekana. La hasha! Sehemu kubwa ya uzito wake ni chuma: mtutu, springi na kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele kila risasi inapotoka. Bila magazini ina uzito wa gramu zipatazo 625, ilhali Ceska tuliyoizoea, CZ 75 ya chuma kitupu, inakaribia kilo moja. Anayeona tofauti hiyo ni ndogo na ajaribu kufunga kilo moja kiunoni kwa saa kumi na mbili, siku sita kwa juma.

Sifa yake kubwa zaidi ni uchache wa vipande. Bastola nzima ina vipande visivyofika arobaini. Haina nyundo inayoonekana kwa nyuma, wala haina kizuizi cha kusukumwa kwa kidole gumba. Vizuizi vyake vitatu vimefichwa ndani, na vyote huondoka kimoja baada ya kingine kidole kinapovuta kifyatulio, kisha hurejea mahali pake kidole kinapoachia. Ikianguka sakafuni haifyatuki, kwa kuwa pini ya kugonga risasi imezuiwa njia. Walioitetea walisema, na kwa haki, kwamba askari aliyeshikwa na woga hatasahau kuondoa kizuizi kwa sababu hakuna cha kuondoa.

Sasa fikiri upande wa pili wa sifa hiyo. Ikiwa kidole kikivuta kinaondoa vizuizi vyote, basi kidole ndicho kizuizi chenyewe. Bastola haiwezi kutofautisha kidole cha anayekusudia na kidole cha aliyesahau. Wala haiwezi kutofautisha kidole na pindo la koti lililonaswa, au ukingo wa ala ya ngozi iliyolegea kwa uzee na kujikunja ndani. Nguvu inayohitajika ni ya kuinua kilo mbili na nusu hivi. Rivolva za zamani za risasi sita, ambazo polisi wa Marekani walizibeba kwa vizazi kadhaa, zilihitaji mvuto mrefu wa zaidi ya kilo tano.

Jijini Washington tofauti hiyo ilidhihirika kwa damu. Polisi wa mji huo waliacha rivolva na kuchukua Glock mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wauzaji wa dawa za kulevya walipokuwa wamewazidi kwa silaha. Wakati huo huo askari wapya waliajiriwa kwa wingi na kwa haraka. Mwaka 1998 gazeti la Washington Post lilichapisha uchunguzi mrefu uliobainisha kwamba katika kipindi cha miaka kumi bastola hizo zilikuwa zimefyatuka bila kukusudiwa zaidi ya mara 120. Wako askari waliojipiga wenyewe, wako waliopigwa na wenzao, na wako raia waliojeruhiwa na watu ambao hawakunuia kuwapiga. Uchunguzi huo ulilipatia gazeti Tuzo ya Pulitzer mwaka 1999.

Je, bastola ilikuwa mbovu? Hapana. Jeshi la Austria lilikuwa na bastola iyo hiyo. Ubovu ulikuwa katika kumkabidhi mtu chombo chepesi na kumwachia mazoea ya chombo kizito. Askari wengi walikuwa hawaendi kwenye uwanja wa shabaha kama kanuni zao zenyewe zilivyoamuru. Ukimzoeza mtu kupanda baiskeli ya mizigo kwa miaka kumi, kisha siku moja ukampa pikipiki na kumwambia aondoke, usishangae akiingia mtaroni.

New York, kwa upande wao, walijaribu kutibu ugonjwa huo kwa springi. Walipoanza kuwaruhusu askari wao kubeba bastola za magazini mwaka 1993, waliamuru kifyatulio kiwe kizito, ratili kumi na mbili hivi, sawa na kilo tano na ushei, ili kifanane na rivolva. Kwa akili ya haraka hilo ni jawabu. Lakini silaha isiyofikia kilo moja ikivutwa kwa nguvu ya kilo tano na zaidi, mdomo wa mtutu hautulii. Uchunguzi wa shirika la RAND uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006 askari wa New York waliokuwa katika majibizano ya risasi walilenga sawasawa kwa asilimia 18 tu. Sisemi springi ndiyo iliyosababisha hayo yote. Giza, hofu na mwendo vina sehemu yao, tena kubwa. Ila kila risasi katika zile zilizokosa ilikwenda mahali fulani. Agosti 24, 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia mwuaji aliyewaelekezea bastola. Walitoa risasi 16. Mwuaji alikufa, na wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi za polisi au vipande vyake.

Hapa walimu wa fizikia wanaweza kunisaidia. Risasi ya milimita tisa ina kichwa cha gramu nane hivi, nacho hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 360 kwa sekunde. Mwanafunzi akipiga hesabu ya nishati mwendo atapata jouli zipatazo 518. Ni sawa na gunia la saruji la kilo hamsini lililoachiwa kutoka kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, isipokuwa uzito huo wote unatua juu ya nafasi isiyozidi ukucha. Kwa muda mrefu Wamarekani waliamini kwamba hata hiyo haitoshi. Baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 11, 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa na watano wakajeruhiwa, shirika hilo lilianza kutafuta risasi kubwa zaidi, na mwaka 1990 ikatokea ile ya .40. Ilikuwa na teke kali mkononi, na ilichakaza bastola upesi. Mwaka 2014 chuo chao cha mafunzo kiliandika kwamba risasi za milimita tisa za siku hizi hazipitwi kwa kazi, na kwamba askari wengi huzilenga vyema zaidi. FBI wakarejea pale walipoanzia. Safari ya karibu miaka thelathini!

Lakini ninalotaka kulidodosa zaidi ni utunzaji, kwa kuwa humo ndimo bastola njema huharibikia, na ndimo wengi wetu hatutazami.

Nilipata kuiona Glock ikifunguliwa katika uwanja wa shabaha wenye leseni, na fundi wa silaha aliyestaafu, mzee mtaratibu ambaye huongea na vyuma kama mkulima aongeavyo na ng'ombe wake. Kabla ya lolote alitoa magazini na kuiweka mbali, meza nyingine kabisa. Kisha akavuta kipande cha juu nyuma, akakifunga hapo, akachungulia chemba. Nilidhani amemaliza. "Mwalimu," akaniambia, "jicho hudanganywa na mazoea. Tazama, kisha tia kidole." Akatia kidole chake cha mwisho ndani ya chemba kuhakikisha kwamba haina kitu. Kisha akarudia yote tangu mwanzo.

Mzee huyo hakuwa akifanya mbwembwe. Ili kufungua Glock, ni lazima kwanza kuvuta kifyatulio. Ndivyo ilivyoundwa. Sasa mfikirie askari aliyerudi zamu alfajiri, akavuta kipande cha juu kabla ya kutoa magazini badala ya baada. Risasi moja ikatoka chemba, naye akaiona ikianguka na kuridhika. Nyingine ikapanda kutoka katika magazini na kuchukua nafasi yake. Anatoa magazini. Mkononi ana bastola ambayo anaapa kuwa ni tupu. Anavuta kifyatulio ili aisafishe. Mpangilio wa hatua mbili tu ndio unaotenganisha usafi na mazishi. Ceska haihitaji kuvutwa kifyatulio ili ifunguke, na baadhi ya bastola mpya za Marekani zimewekewa kijiwenzo cha ndani ili kuepuka jambo hilo. Mimi ningelihesabu jambo hili kuwa kubwa kuliko tofauti ya risasi mbili tatu katika magazini.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Bastola huachana vipande vinne: kiunzi, kipande cha juu, springi na mtutu. Mtutu husuguliwa kwa burashi kutoka nyuma kuelekea mbele, ili masizi yasirudishwe ndani ya mitambo. Vitambaa vidogo hupitishwa mpaka kitoke kimoja kikiwa cheupe. Kisha mafuta. Naam, hapa ndipo wenye bidii huharibu. Huyamimina mafuta kama wanaokaanga mandazi, wakidhani wingi ni uangalifu. Mafuta yaliyozidi hushika vumbi, na vumbi la barabara zetu za kiangazi likichanganyika na mafuta huwa tope linalosaga chuma. Yakiingia katika kijia cha pini ya kufyatulia huganda na masizi, na siku pini inapohitajika haigongi kwa nguvu. Glock huhitaji matone machache tu: kwenye njia nne za kuteleza, juu ya mtutu, na tone moja pale ambapo mkono wa kifyatulio unagusana na kiungo chake cha nyuma. Kijia cha pini huachwa kikavu. Kitabu cha kiwanda kinataka haya yafanywe kila baada ya kufyatua, na angalau mara moja kwa mwezi hata kama bastola haikutoa risasi.

Hiyo "mara moja kwa mwezi" ndiyo husahauliwa. Silaha isiyofyatuliwa huonekana safi, ilhali jasho la mwili lina chumvi, na mjini Mombasa au Lamu hata hewa yenyewe ina chumvi. Chuma cha Glock kimetiwa dawa ya kuzuia kutu na huvumilia, lakini springi za magazini na maganda ya risasi hayana kinga hiyo. Risasi nazo huchakaa bila kutumika. Askari akiitoa na kuirudisha risasi ile ile chembani kila siku, kichwa chake hugongwa kidogo kidogo na kudidimia ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua, na siku ya kufyatuliwa shinikizo hupanda kupita kiasi. Mzee wangu aliziweka mbili wima juu ya meza, moja mpya na moja iliyopakiwa kwa miezi mingi. Tofauti ya kimo ilionekana kwa macho, bila rula.

Kuna na vilengeo vinavyong'aa gizani kwa nguvu ya tritiumu, gesi ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 12 na miezi kadhaa. Swali zuri hilo kwa kidato cha nne. Bastola iliyonunuliwa na vilengeo hivyo itabakiwa na robo tu ya mwangaza wake mtoto aliyezaliwa mwaka huo atakapokuwa na umri wa miaka 25, na hakuna kupangusa kutakakoirudisha.

Nayasema haya nikijua kwamba hapa Kenya askari wengi wa barabarani hubeba bunduki ndefu, na kwamba bastola huwa za maafisa na wapelelezi. Hoja haibadiliki. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inamwamuru askari atumie bunduki pale tu njia nyepesi zaidi zisipotosha, mathalani kuokoa maisha yake au ya mwingine, na inamtaka atoe ripoti kila anapoitumia. Sheria hiyo inamchukulia askari kuwa mtu anayeweza kuamua kwa utulivu katika nukta moja ya sekunde. Lakini utulivu huo hauji na sare. Hujengwa uwanjani, kwa risasi za mazoezi zinazogharimu fedha, na fedha hizo hazipigiwi makofi kama zile za kununulia silaha mpya.

Kwa hiyo nikialikwa kutathmini bastola zinazokusudiwa kununuliwa, ningeuliza mambo machache kabla ya kuuliza magazini inashika risasi ngapi. Je, mkono mdogo wa askari wa kike unafika kwenye kifyatulio bila kulegeza mshiko? Je, inafunguliwaje? Bei iliyotajwa imejumuisha springi za akiba, ala mpya na risasi za mazoezi, au ni ya chuma peke yake? Kila kituo kitakuwa na fundi aliyesomea kazi hiyo, au silaha itasafirishwa hadi Nairobi kila inapokwama? Mlangoni pa ghala patawekwa pipa la mchanga la kuelekezea mtutu wakati wa kutia na kutoa risasi?

Ningeomba pia nionyeshwe daftari la ghala. Mbele ya namba ya kila bastola ningependa kuona safu tatu: ya kwanza ikionyesha ni risasi ngapi zimepita katika mtutu huo, ya pili springi yake ilibadilishwa lini, na ya tatu tarehe ambayo mwenye kuibeba alikwenda uwanja wa shabaha mara ya mwisho. Ningeanza kusoma ile ya tatu.